Baiskeli milima ya Usambara: watu huogopa kupanda, ilhali wanaoumia huumia wakishuka

Anayepanga kupanda Usambara Magharibi, milima ya mkoa wa Tanga nchini Tanzania, kwa baiskeli huulizwa swali moja tu na kila anayemweleza safari yake: utakiweza kilima kile? Ni nadra mtu kumwuliza breki zake zikoje, tairi la mbele lina viraka vingapi, au mzigo ameufunga wapi. Dhana nyingi potofu kuhusu safari za milimani zinatokana na kuweka hofu mahali pasipo penyewe, basi tuzipitie moja moja.

"Mombo hadi Lushoto ni kwa wenye miguu ya chuma tu"

Mombo, mji ulio chini ya milima, iko mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, Lushoto, mji wa juu, mita 1,400 hivi, na lami inayoziunganisha ina urefu wa kilomita 33 kwa makadirio. Kwa wastani, basi, unapanda mita 3 katika kila mita 100. Vipo vipande vikali zaidi ya hapo, lakini barabara inafuata bonde la mto na kuzunguka mgongo wa mlima kwa kona nyingi, haiukabili mlima uso kwa uso.

Kinachowashinda wengi ni gia. Chukua baiskeli ya kawaida isiyo na gia, meno 48 mbele na 18 nyuma. Kila pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inakwenda karibu mita 6. Kwenye kilima kikali mwendo wako ni kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika, kwa hiyo unazungusha pedeli mara 17 tu kwa dakika. Kila mzunguko unausimamia kwa uzito wote wa mwili, na magoti ndiyo yanayolipa. Sasa chukua baiskeli yenye meno 22 mbele na 34 nyuma: mzunguko mmoja ni mita 1.4 hivi, na kwa mwendo uleule unazungusha mara 70 na kitu. Mlima ni uleule na mtu ni yuleyule, ila wa pili anafika akiwa bado anaweza kuongea.

Ingia gia nyepesi kabla kilima hakijakaza. Ukibadilisha huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni hupinda pini au hukatika.

Saa nazo zihesabu kwa mita za kupanda, usizihesabu kwa kilomita. Mwenye mzigo wa kilo 10 hadi 15 hupanda mita 300 hadi 350 kwa saa, kwa hiyo Lushoto ni kama saa tatu hadi tatu na nusu za kupiga pedeli, bila mapumziko. Mtu, baiskeli na mzigo vikifika kilo 90, kazi ya kuinua tu uzito huo mita 1,000 hula karibu kalori 900, sawa na ndizi mbivu nane au tisa za wastani. Kula kidogo kila dakika 40. Ukingoja njaa ikuume, nguvu zimeshakwisha.

"Kushuka na kukokota baiskeli ni kushindwa"

Mwinuko ukizidi mita 12 kwa 100, mwenye mzigo anaendesha kwa kilomita 4 au 5 kwa saa, na anayekokota haachwi mbali. Tofauti ni kwamba anayekokota anapumzisha mapaja na makalio. Njia za ndani za vumbi zina vipande vya namna hii kila unapotoka bondeni kwenda mgongo mwingine wa mlima. Shuka ungali na nguvu.

"Juu kule hewa haitoshi"

Maradhi ya mwinuko huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi, na vilele vya Usambara havifiki huko. Kinachomsumbua msafiri ni baridi. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na mtu aliyelowa jasho akianza kuteremka hupigwa na upepo hadi vidole vikafa ganzi, navyo ndivyo vinavyoshika breki. Vaa koti kileleni, kabla hujaanza kushuka, hata kama bado unahisi joto.

"Kushuka ni kupumzika"

Hapa ndipo penye kuumia. Nguvu iliyouinua uzito wako hadi juu inarudi, na lazima iende mahali: ama upepo uichukue au breki ziigeuze joto. Kwa kilo 90 na mita 1,000, ingeingia yote kwenye breki ingetosha kuchemsha lita mbili na nusu za maji. Anayeshikilia breki kidogo kidogo bila kuachia, kutoka Lushoto hadi Mombo, anaipika rimu yake. Rimu ikishapata moto, hewa ndani ya tyubu inatanuka, gundi ya viraka inalainika, na kiraka kinaachia.

Kwa hiyo tyubu isiyo na kiraka ifungwe mbele, yenye viraka ikae nyuma. Tairi la nyuma likipasuka baiskeli huyumba na mara nyingi unaweza kuisimamisha. Likipasuka la mbele, usukani haukusikii tena.

Namna ya kushuka ni hii. Kaza breki zote mbili kwa sekunde tatu au nne kabla ya kona, ziachie, pita kona magurudumu yakizunguka huru, kisha acha rimu zipoe hadi kona inayofuata. Kila kilomita chache simama. Chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone moja juu ya rimu. Likichirizika kimya, endelea. Likitoa sauti ya kikaangio, kaa dakika kumi. Usiimwagie maji.

Wenye breki za fito, zile ambazo raba zake huvutwa juu kuibana rimu ya chuma, waongeze tahadhari mara mbili. Chuma kilicholowa huteleza, na breki zikianza kushika huwa umeshapita mahali ulipotaka kusimama. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema ufute maji, kisha ndipo ukaze.

Na hii hofu kwamba breki ya mbele itakupindua kichwa chini? Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha, kwa sababu ukipunguza mwendo uzito huhamia mbele. Ya nyuma peke yake hufunga gurudumu, likaserereka. Wanaopinduka ni wale wanaoikamata kwa ghafla huku mikono imelegea na kifua kiko juu ya usukani. Sogeza makalio nyuma, nyoosha mikono, ikaze taratibu. Kwenye changarawe, maliza kufunga breki kabla hujaanza kukata kona.

"Gunia moja juu ya keria linatosha"

Mzigo ulio juu huyumba kila kona. Gawa mifuko miwili pembeni, vizito vikae chini karibu na ekseli. Ncha za kamba zichomekwe mbali na spoku. Kamba za mpira uliokatwa kwenye tyubu hulegea barabara ikirusha, basi zikague kila unaposimama.

"Njia isiyo na magari ni salama yenyewe"

Njia tulivu hupunguza magari na kuongeza vitu vingine: watoto watokao shule, mbuzi, na bodaboda wanaoteremka wamezima injini kuokoa mafuta, ambao huwasikii hadi wamefika. Kaa kushoto, piga kengele kabla ya kona usiyoona mbele yake. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Yafungue madigadi mapema, au acha nafasi ya vidole viwili.

"Tairi na tyubu nitapata popote"

Utapata, lakini angalia namba. Tairi la inchi 28 la baiskeli za kawaida hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Tairi la 700C hukaa kwenye 622. Yanafanana kwa macho, ila moja haliingii kwenye rimu ya jingine. Hata inchi 26 ziko za namna zaidi ya moja: ya baiskeli ya milimani ni 559, ile nyembamba ya 26 x 1 3/8 ni 590. Soma namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi kabla hujalipa. Wenye valvu nyembamba ya kufungua kwa kiskurubu wabebe kidude chake cha kuunganishia pampu, maana pampu ya fundi wa kijijini aghalabu haiishiki.

Upepo nao usiujaze hadi tairi liwe jiwe. Tairi la upana wa milimita 50 kwenye njia ya vumbi, kwa mtu wa kilo 75 mwenye mzigo, linahitaji PSI (kipimo cha upepo wa tairi) 35 hadi 40, la nyuma lizidi la mbele kidogo. Likiwa gumu mno hurukaruka juu ya mawe na kupoteza mshiko. Likiwa laini mno, jiwe huibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ukiona matundu ya namna hiyo, ziba yote mawili, kisha ongeza upepo.