Je, wajua kwa nini muluku unaoua samaki unaua na kupe wa ng'ombe?

Kile kichaka chenye maua meupe au ya zambarau unachokiona pembeni ya mashamba huku Uganda, Waganda wanakiita muluku, jina la kitaalamu Tephrosia vogelii. Wengi wamekipanda kufukuza fuko tu. Lakini tangu zamani watu wanaponda majani yake wanamwaga majini, samaki wanaelea wenyewe, na majani hayo hayo ndo wafugaji wanapaka ng'ombe ili kupe wadondoke. Sasa mbona ng'ombe hafi?

Ndani ya majani kuna rotenoni na ndugu zake. Hiyo sumu inazima pale seli inapotengeneza nguvu, yaani kiumbe anavuta hewa vizuri tu ila haimsaidii, analegea mpaka basi. Samaki anaivuta moja kwa moja kwa matamvua, kupe naye ni kadudu kadogo. Ng'ombe ana ngozi nene, na kidogo kinachopenya ini linakivunja.

Watu wanarudi kwa muluku sababu kule Ankole, kusini magharibi mwa Uganda, kupe wamekuwa sugu, unaogesha ng'ombe na dawa ya duka leo, kesho unawakuta bado wamening'inia, wamenona kama mbegu za mbarika.

Kutengeneza si kazi, ponda majani mabichi kwenye kinu, loweka usiku kucha, chuja na kitambaa, tia sabuni kidogo ishike kwenye manyoya. Alafu geuza sikio upake na ndani, kupe wa kahawia anayeleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, anapenda kujificha humo. Mabaki usimwage mtoni tafadhali, samaki ushajua habari yao.

Shida yake ni jua, rotenoni inaharibika haraka kwenye mwanga, kwa hiyo paka jioni na urudie mara mbili kwa wiki. Kwa nini mbili? Kupe akishika leo haambukizi ndigana hapo hapo, vijidudu vinachukua kama siku 3 au 4 kukomaa kwenye mate yake, ukimuwahi kabla umeokoa ndama.

Na kuna muluku mwingine hauna rotenoni kabisa, kwa macho huwezi kuutofautisha. Mimi kwanza natia kupe watano kwenye chupa na ile maji yake, kesho asubuhi nikikuta bado wanatembea, natafuta mbegu kwa jirani mwingine.