Uvimbe wa mafuta ndani ya mfupa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu kateguka mguu, kapigwa eksirei kuangalia kama mfupa umevunjika. Haukuvunjika, ila ripoti inataja uvimbe ndani ya mfupa wa kisigino. Hapo ndipo maneno huanza.

"Uvimbe kwenye mfupa ni saratani tu." Sivyo. Lipoma ya ndani ya mfupa ni mafuta ya kawaida yaliyojikusanya, na hupatikana zaidi kwenye kisigino na sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Ni uvimbe adimu, ingawa nahisi uadimu wake umetiwa chumvi: wengi hawaumwi, hivyo hawapigwi picha.

"Bila kukata kipande kidogo cha uvimbe (kinyama) na kukipima, hakuna ajuaye ni nini." Hili ndilo linaloleta usumbufu mwingi. Mafuta hujitaja yenyewe kwenye picha. Katika kipimo cha CT, yaani eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, maji husoma sifuri, na mafuta husoma chini ya sifuri, karibu na -100. Kwenye MRI, yaani picha ya sumaku, mashine ikipangwa kuzima mng'ao wa mafuta, uvimbe huo hufifia sambamba na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Mara nyingi katikati pana kidoa cha chokaa, kama kokwa ndani ya tunda. Mtaalamu wa picha akiyaona hayo pamoja, sindano ya kuchukua kinyama haina la kuongeza. Picha ikiwa na utata, au mfupa umeliwa ukingoni, kinyama kitahitajika. Lakini kwanza aulizwe daktari atakayepasua ikibidi, kwa sababu sehemu ya mwili iliyopitiwa na sindano nayo huenda ikalazimika kuondolewa wakati wa upasuaji.

"Kinachouma ndicho kibaya." Osteoidi osteoma, uvimbe mwingine mdogo wa mfupa, si saratani, tena aghalabu haifiki hata sentimita 2, lakini humnyima mtu usingizi kwa maumivu ya usiku, ambayo mara nyingi hutulizwa na aspirini. Kwa upande mwingine, kisigino chenye lipoma kinaweza kuuma kwa sababu ya utando wa unyayo, na lipoma ikasingiziwa bure.

"Lazima utolewe." Mara nyingi hapana, isipokuwa umedhoofisha mfupa au ndio hasa unaouma.

Kama mguu huohuo uliwahi kupigwa picha miaka ya nyuma, itafute hiyo picha uende nayo kwa daktari. Uvimbe uliobaki vilevile kwa miaka mitano unamweleza mengi kuliko kipimo kipya cha leo.