Kabla ya Kununua Betri Nyingine ya Pikipiki ya Zamani

Mzee mmoja anayechukua dagaa Mwaloni, Kirumba, na kuwasambaza hadi Kisesa aliniletea Honda CG125 yake ya zamani akiwa na betri moja iliyokufa ndani ya kiroba, nyingine iliyochoka ikiwa imefungwa chini ya kiti, na pesa ya betri ya tatu mkononi. Yote hayo yalikuwa yametokea ndani ya miezi minane. Aliniambia, "Fundi, nifungie nyingine, lakini safari hii iwe imara." Nilimjibu, "Mzee wangu, pesa yako kaa nayo kwanza, niipime hii iliyopo." Naandika haya kwa sababu katika kazi yangu ya umeme wa pikipiki hapa Mwanza nimeona watu wengi wakinunua betri kwa hasira, ilhali betri yenyewe ilikuwa inakufa kwa njaa.

Betri ya volti 12 ya asidi ina seli sita, na kila seli iliyojaa hutoa takriban volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, mita inapaswa kusoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi ya chaji, na ikishuka hadi 12.0 ihesabu kuwa tupu, hata kama bado inawasha taa ya breki. Betri ya mzee ilisoma 11.9. Tulipiga kiki, injini ikawaka, nikaongeza mafuta huku taa ya mbele ikiwa imewashwa, na mita haikuvuka 12.2. Nikazima taa ya mbele bila kugusa kitu kingine, mita ikapanda hadi 13.8.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoeleza ugonjwa wote. Chaji nzuri injini ikiwa na mwendo huwa kati ya volti 13.5 na 14.8 hivi, kwa hiyo koili (inayozalisha umeme) na rekitifaya (inayougeuza uwe wa kuchaji betri) za pikipiki hiyo zilikuwa nzima, ila kila zilichokizalisha kilikuwa kinaliwa na taa kabla hakijafika kwenye betri. Pikipiki nyingi za zamani, na hiyo CG125 ikiwamo, zilitengenezwa na njia mbili za umeme kutoka kwenye sumaku: njia moja huenda moja kwa moja kwenye taa ya mbele bila kupita kwenye betri, na ya pili hupita kwenye rekitifaya kwenda kuchaji betri ambayo kazi yake ni honi, indiketa na taa ya breki tu. Ndiyo maana taa ya pikipiki hizo hufifia injini ikiunguruma taratibu na kung'aa unapokata mbio. Mwenye pikipiki huiona hali hiyo kama kasoro, fundi akaombwa "aikaze taa", naye huhamisha waya wa taa hadi kwenye betri. Siku hiyo taa hung'aa vizuri sana na kila mtu hufurahi. Lakini taa ya wati 35 kwenye volti 12 hula karibu ampea 3, na betri ya ampea-saa 5 (yaani ya kutoa ampea 1 kwa saa 5), iliyojaa kabisa, haiwezi kuibeba hata saa mbili. Mzee huyu huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, gizani. Ukiongeza na soketi ya kuchajia simu, jibu unalo.

Nilimpa njia mbili: kuurudisha waya wa taa kwenye koili yake, au kubaki kwenye betri kwa balbu ya LED ya wati 10, ambayo hula chini ya ampea moja. Alichagua ya pili kwa sababu barabara yake ina mashimo na anahitaji mwanga usiofifia. Baada ya kufunga balbu hiyo, mita ilisoma 13.5 taa ikiwa inawaka.

Yapo matatizo mengine mawili ninayoyakuta mara kwa mara, na yote hupimika bila gharama. La kwanza ni umeme unaovuja pikipiki ikiwa imezimwa, ambao aghalabu hupitia rekitifaya iliyochoka na kurudi kwenye koili. Zima swichi, chomoa waya wa hasi, kisha weka mita ya ampea kati ya waya huo na betri. Pikipiki ya zamani isiyo na saa wala king'ora inapaswa kusoma sifuri au karibu na sifuri. Ukikuta miliampea 20 tu, betri ya ampea-saa 5 itaisha kwa siku kumi hivi, na mwenye pikipiki aliyesafiri kwenda Ukerewe kwa wiki mbili atarudi na kuilaumu betri. La pili ni chaji iliyozidi. Ikiwa mita inapita volti 15, kidhibiti chaji kimekufa, na betri itachemka hadi maji yakauke na mabamba ya risasi yaliyo ndani yabaki wazi. Betri kavu haivumilii hali hiyo hata kidogo kwa kuwa huwezi kuiongezea maji, na zile za lithiamu zinazoanza kuletwa madukani huharibika upesi zaidi. Mimi siwafungii wenye pikipiki za zamani betri za lithiamu kabla sijahakikisha chaji yao haizidi volti 14.6.

Kuhusu maji, nitasema kwa msisitizo kwa sababu tunaishi kando ya ziwa na maji ni rahisi kupatikana. Maji ya Ziwa Victoria, ya bomba na ya kisima yana madini ambayo hubaki ndani ya seli na kuidhoofisha betri kila unapoongeza. Ongeza maji safi ya betri pekee, hadi kwenye alama ya juu iliyochorwa ubavuni, wala usiipite. Vilevile usiongeze asidi kwenye betri inayotumika: kinachopungua kwa joto na kuchaji ni maji, asidi yenyewe hubaki, kwa hiyo ukiongeza asidi unakoleza kilichomo na mabamba huliwa. Mpira mwembamba wa kupumulia nao uangaliwe usibanwe na usielekee kwenye cheni, kwa maana hutoa mvuke wa asidi, na nimeona cheni mpya zilizoota kutu mwezi mmoja tu baada ya kufungwa.

Hali ya hewa ya Mwanza inatusaidia kidogo. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto letu si kali kama la Dar es Salaam, ambako betri huzeeka haraka zaidi. Tunachoonewa nacho ni mtikisiko. Njia za kupanda vilima vya Mabatini na Bugando zimejaa mawe, na betri iliyolegea kwenye kikalio chake hupukutika mabamba kwa ndani. Kipande cha mpira wa tyubu chini yake na mkanda uliokazwa vizuri huiongezea maisha. Betri ya maji iliyotunzwa hivyo hufika miaka 2 hadi 4.

Ikiwa umepima na betri kweli imekufa, soma namba ya ile ya zamani kabla ya kwenda dukani. Namba 12N5-3B maana yake ni volti 12 na ampea-saa 5, ilhali 6N4 ni volti 6 na ampea-saa 4. Zipo bado pikipiki za volti 6 katika mitaa yetu, na kuzifungia betri ya volti 12 ni kuunguza balbu zote. Halafu kuna jambo ambalo madukani hulipita kwa haraka. Betri mpya ya maji huuzwa ikiwa tupu, muuzaji humimina asidi mbele yako, na dakika tano baadaye imeshafungwa kwenye pikipiki. Mabamba hayajalowa vya kutosha. Iache itulie angalau nusu saa, kisha ichaji taratibu kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani ampea 0.5 kwa betri ya ampea-saa 5, kwa saa kadhaa kabla ya kuifunga. Betri inayoanza kazi bila chaji hiyo ya kwanza mara nyingi haifikii tena uwezo wake kamili. Wakati wa kufungua, anza na hasi, na wakati wa kufunga, malizia na hasi, ili spana ikigusa fremu isirushe cheche.

Betri mbili za yule mzee nilizichaji usiku kucha kwa ampea 0.5 na kuziacha zipumzike. Ile iliyokuwa chini ya kiti ilisoma 12.6 na ikashikilia hapo siku nzima, kwa hiyo ndiyo anayotembelea hadi sasa. Ile ya kiroba ilikaa kwenye 10.5, yaani seli moja imekufa kabisa, na kukaa miezi ikiwa tupu kuliigeuza salfeti ya risasi (utando unaojitokeza betri ikiisha chaji) kuwa ngumu kwenye mabamba yaliyobaki. Mjukuu wake aliiomba ili ayeyushe risasi yake iwe chubwi za nyavu. Nilimkatalia, kwa sababu mvuke na vumbi la risasi huingia mwilini na kuudhuru ubongo, hasa wa watoto, na asidi ikimwagwa mtaroni hufuata Mto Mirongo hadi ziwani. Imesimama kwenye beseni la plastiki pembeni ya meza yangu, vifuniko vikiwa vimefungwa, ikimsubiri mnunuzi wa betri chakavu anayezichukua zikiwa nzima na asidi yake ndani.