Utalii jumuishi: maana yake, na vidaka vya minazi vinaingiaje humo

Neno "jumuishi" wengi wetu tulilizoea kwanza kwenye elimu: darasa jumuishi, ambamo mtoto asiyeona anakaa dawati moja na wenzake. Ndiyo maana ukitaja utalii jumuishi, mtu hufikiria kwanza hoteli yenye njia ya kiti cha magurudumu. Hiyo imo, na kwenye fukwe zetu bado ni adimu. Lakini dhana yenyewe ni pana zaidi. Ni utalii ambao wenyeji wa mahali panapotembelewa wamo kwenye kazi, kwenye mapato na kwenye maamuzi, hasa wale ambao kwa kawaida hubaki nje ya uzio: wanawake, vijana wasio na vyeti, wavuvi, wakulima, watu wenye ulemavu. Ukitaka kipimo cha haraka, uliza nani anapanga bei na nani anashika daftari. Na ukitaka kuujenga, mambo mawili hayaepukiki: ubia na mafunzo.

Usiuchanganye na "kushirikishwa". Taarifa ikisema wananchi wameshirikishwa, mara nyingi maana yake ni kikao kimoja, soda na karatasi ya mahudhurio. Kikundi cha ngoma kinachoitwa hotelini Ijumaa usiku, kikalipwa na kurudishwa kwa gari, nacho kimeshirikishwa. Bei ya tiketi hakikuiona wala hakikuulizwa wageni waje siku gani.

Mfano unaoeleza jambo hili vizuri kuliko semina yoyote uko Jozani, Unguja. Msitu ule, ambao tangu 2004 ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ni maskani ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Jina lenyewe halikuwa la sifa: punju ni sumu, na iliaminiwa kwamba mti anaoulia hufa. Mgeni analipa kumpiga picha. Mwenye shamba jirani anamwona juu ya mnazi wake akitafuna vidaka, yaani nazi changa kabisa, kabla hazijawa vitale, sembuse madafu. Kwa hesabu ya mkulima, kila kidaka kilichotafunwa ni nazi iliyopotea, na pesa za picha zinaingia mfukoni mwa mtu mwingine. Unamlaumuje akishika jiwe?

Kilichobadilisha hali ni mgawanyo wa pesa. Wenye mashamba waliunda umoja wao, na sehemu ya mapato ya wageni ikaanza kuwafikia wao na vijiji vinavyozunguka msitu. Kijiji cha Pete kikapata fungu lake kutokana na njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Ikumbukwe kwamba watafiti waliohesabu nazi kwenye mashamba yale walikuta minazi iliyoliwa vidaka haikupungua mavuno, kwa kuwa mnazi hupukutisha vidaka vingi wenyewe. Sidhani kama matokeo hayo peke yake yangemtuliza mtu. Mkulima hakutaka somo la mimea, alitaka fungu. Na tusidhani kila kitu kimekwisha pale: fungu ni dogo au kubwa, limechelewa au limefika, hayo ni mazungumzo ya kila mwaka, na ni afadhali yafanyike mezani kuliko shambani.

Huo ndio ubia wenyewe: makubaliano yanayotaja kiasi, tarehe na mpokeaji. Bara, Mto wa Mbu ni shule nyingine. Mji ule uko njiani kuelekea Ngorongoro, pembeni ya lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, na kwa miaka magari ya safari yalipita tu yakiacha vumbi. Mpango wa Utalii wa Utamaduni, ulioanza katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa shirika la Kiholanzi la SNV na Bodi ya Utalii Tanzania, uliwapa wageni sababu ya kushuka. Unatembea na kijana wa pale kwenye mashamba ya mpunga na migomba, unaonja pombe ya ndizi, unawaona wachongaji wa Kimakonde kazini, unakula kwa mama aliyepika. Kila kituo kina malipo yake, na pembeni ipo ada ya maendeleo ya kijiji. Pwani ya Kenya, kwenye Kisiwa cha Wasini, kikundi cha wanawake kinaendesha njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe na kutoza kiingilio. Laikipia, Wamaasai wa Il Ngwesi walikwenda mbali zaidi: loji iliyofunguliwa 1996 ni mali yao wenyewe.

Mafunzo yanaingia wapi? Mahali ambapo ubia bila ujuzi unabaki kibao cha barabarani. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilitangazwa eneo la hifadhi ya bahari 1994 na kinaendeshwa na kampuni binafsi. Walinzi wake walichukuliwa kutoka miongoni mwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Walifundishwa Kiingereza, majina ya samaki na matumbawe, namna ya kuongoza wageni wanaoogelea juu ya matumbawe na namna ya kuandika kumbukumbu za doria. Hawabebi silaha. Mtumbwi ukiingia eneo lililofungwa, mlinzi anamweleza mvuvi mwenzake kwa nini samaki wakizaliana hapa watafurika kule nje anakoruhusiwa kutega. Cha kufurahisha ni kwamba mafunzo yale hayakumfuta uvuvi wake: anasikilizwa kwa sababu anajua kamba inavyokata mikono.

Mafunzo mengi, kusema kweli, hayako hivyo. Ni wiki moja ya "huduma kwa mteja", picha ya pamoja, cheti, basi. Chukua mkulima wa mbogamboga anayetaka kuiuzia hoteli. Kulima anajua kuliko mwalimu. Asichokuwa nacho ni risiti inayokubalika na mhasibu, uhakika wa kupeleka nyanya za ukubwa uleule kila Jumanne hata mvua ikinyesha, na pumzi ya kungoja malipo mwezi mzima ilhali karo inadaiwa kesho. Kozi yenye maana inaanzia hapo: wakulima kumi wanaungana, mmoja anashika usajili na vitabu, na hoteli, ambayo nayo inahitaji kufundishwa, inakubali kulipa kila wiki. Sehemu hii ya pili husahaulika. Tunapeleka wanakijiji darasani kana kwamba meneja hana cha kujifunza.

Kwa kazi za hotelini, njia inayozaa zaidi ni uanagenzi: mwanafunzi anagawa muda wake kati ya chuo na jikoni au mapokezi ya hoteli halisi, chini ya mtu anayemsimamia. Visiwani na pwani lipo jambo jingine, la wazazi. Binti akipata kazi ya hoteli, nyumbani huulizwa kuhusu pombe, sare, zamu ya usiku na nani atamrudisha. Maswali hayo si ushamba. Hoteli inayokubali ushungi na sare ya stara, ikatoa usafiri wa uhakika na kumkaribisha mama aje aone mahali mwanawe anapofanya kazi, huwapata mabinti ambao tangazo la redio halikuwapata. (Na ajabu ya lugha: fani hii yote tumeiita "ukarimu", jambo ambalo kwetu mtu akilidai malipo angeonekana hana haya.)

Halafu yupo mtu ambaye kila mradi unamruka: kijana wa mtaani anayejipa mwenyewe kazi ya kuongoza wageni. Mji Mkongwe wanamwita papasi, jina la mdudu wa jamii ya kupe, kwa vile akikushika hakuachii. Anakudaka bandarini, anajua hoteli, anajua bei ya boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, na Kiitaliano chake amekiokota barabarani bila kulipa ada kwa mtu. Hana leseni ya Kamisheni ya Utalii, kwa hiyo kila msako unaanza naye. Wengine ni wasumbufu kweli, na mgeni aliyeibiwa hatarudi. Lakini kijana anayezungumza lugha nne na hana karatasi hata moja ni mwanafunzi ambaye nusu ya kozi ameshaimaliza. Kinachobaki ni historia ya mji iliyo sahihi, adabu ya kukubali mgeni akisema hapana, ada ya leseni ambayo hana, na mtu wa kumdhamini, ambaye huyo ndiye mgumu zaidi kupatikana.