Kambare ndani ya nyumba: birika la choo halimtoshi

Hapa ofisi ya uvuvi Lamu siku hizi swali linalokuja sana ni la kambare. Mtu ameletewa vifaranga kutoka bara kwenye mfuko wa plastiki, vyenyewe virefu kama kidole tu, anataka kujua kama vitakaa kwenye birika la nyumbani, lile tangi la maji lililojengwa chooni. Vitakaa, ndio, miezi miwili mitatu hivi, baada ya hapo ndo mambo yanaanza, na mara nyingi tunaulizwa wakati samaki ashanunuliwa na fundi wa kujenga hajaitwa bado.

Wazo lenyewe si geni huku kwetu. Nyumba za mawe za Amu, yaani mji wa Lamu, tangu zamani zina birika chooni na ndani yake walikuwa wanawekwa samaki wadogo wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na mafundi walipachika bakuli za kauri za China pale chini sakafuni ili maji yakipungua sana wale samaki wabaki na pa kukimbilia. Bakuli hizo bado ziko kwenye nyumba kadhaa, nenda kaangalie. Ila ule ulikuwa mpango wa samaki wa inchi mbili. Kambare wetu huyu wa kawaida akila vizuri kwenye maji ya nyuzi 26 mpaka 30, ambayo huku pwani unayapata bila hita yoyote, anafika nusu kilo hadi kilo moja kwa miezi 6 hadi 9 na hasimami hapo, porini wamepatikana waliopita mita moja. Yule wa mapambo mwenye mkia mwekundu wa mto Amazon ndo usiseme kabisa, anauzwa mdogo na ndevu zake anapendeza, akikomaa naye anapita mita, na kuleta samaki hai kutoka nje ya nchi kunataka kibali, sio jambo la kumuagiza mtu kwa simu.

Kwa kambare wawili watatu wa kukaa hadi ukubwani mimi nashauri bwawa la urefu mita 2.5, upana 1.5, kina cha maji sentimita 80. Hiyo ni lita 3,000, yaani tani tatu za maji, bado hujahesabu kuta. Sasa wale wa nyumba za ghorofa nawaomba sana, msiweke juu. Dari la boriti na chokaa lilijengwa kubeba watu na vitanda, halikujengwa kubeba tani tatu mahali pamoja usiku na mchana, na boriti ikishaanza kuliwa na mchwa hutaijua mpaka siku yenyewe. Weka chini, pale kiwandani, yaani ule ua wa ndani ya nyumba, penye hewa, au chumba cha chini chenye mlango wa kutolea maji. Saruji mpya nayo inatoa chokaa ndani ya maji, jaza umwage mara kadhaa, kila mara uyaache siku chache, ndo uweke samaki.

Sasa nije kwenye kitu kinachowadanganya watu. Kambare ana kiungo juu ya mashavu chenye matawi matawi ambacho anavutia hewa ya juu moja kwa moja, ndo unamuona anapanda, anameza pumzi, anarudi chini. Stima ikikatika, pampu ikalala usiku kucha, sato angekufa lakini kambare asubuhi yuko hai. Watu wanachukulia basi huyu hana taabu, maji yoyote sawa. Hapana. Kukosa oksijeni hakumuui haraka lakini uchafu wake mwenyewe unamuunguza polepole, na kwa sababu hafi haraka mwenye nyumba hajui. Kila kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 35 inaacha karibu gramu 30 za amonia ndani ya maji, na chumbani hakuna mto wa kuichukua. Halafu amonia hiyohiyo ukali wake unategemea pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda kutoka 7 kwenda 8 ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara 10, na visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na yana chokaa, kwa hivo pH yake iko juu. Ndo maana ushauri wa mtu wa bara mwenye maji ya mto haukufai hivihivi.

Usiku chukua tochi umuangalie ndevu. Kambare mzima ana ndevu nane, ndefu, zimechongoka vizuri hadi nchani. Ukiziona zimekuwa fupi, nchani zimefifia nyeupe kama zimetafunwa, na ngozi imepauka, usikimbilie dawa, acha kumlisha siku mbili, badilisha maji, pima amonia.

Filta ni lazima. Si lazima ya dukani, pipa la plastiki lenye changarawe na vipande vya wavu wa zamani uliooshwa linafanya kazi, pampu inasukuma maji yanapita humo yanarudi. Kinachosafisha ni bakteria wanaoota kwenye changarawe, na wanachukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawa, kwa hivo mwanzoni lisha kidogo sana. Bakteria hao ndo wanaohitaji oksijeni hasa, stima ikikatika masaa mengi wanakufa wao kabla ya samaki, kwa hivo ikirudi usilishe kama kawaida. Wala usioshe changarawe kwa maji ya bomba yenye klorini, utawaua wote, tumia maji ya bwawa lenyewe. Na waya za pampu zipitishwe juu, fundi wa stima aweke swichi ya kujikata, sakafu ni maji matupu pale.

Pamoja na filta bado utabadilisha kama asilimia 30 kila wiki. Piga hesabu, ni lita 900, mitungi 45 ya lita ishirini. Mji wa Lamu maji matamu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela na sote tunajua vile yanavyogombaniwa, kwa hivo kabla hujanunua samaki jiulize hiyo mitungi 45 itatoka wapi na punda nani ataibeba. Mwenzetu wa Malindi mwenye bomba ana nafuu, yeye ayaache maji wazi siku nzima klorini itoke. Maji yanayotolewa usimwage mtaroni, mpapai na mchicha vinayapenda.

Kuhusu mbu, hapa tulishaungua. Homa ya chikungunya ya 2004 Lamu ilienea kwa mbu waliozaana kwenye maji ya akiba majumbani. Kambare mdogo anakula viluwiluwi, mkubwa hahangaiki navyo sana, kwa hivo pipa la filta na mitungi ya akiba vifunikwe. Bwawa lenyewe nalo liwe na kifuniko cha wavu mgumu chenye komeo, kwanza kwa sababu ya watoto, sentimita 80 ni nyingi sana kwa mtoto anayetambaa, pili kambare usiku wa mvua anatoka akatembea, utamkuta dakani, pale ukumbi wa mlangoni.

Wakiwa wadogo watenganishe kwa ukubwa, aliyezidi anawameza wenzake bila aibu. Na akishazidi bwawa, kama ni kambare wetu mfanye kitoweo (najua kuna wanaosema samaki wa tope, ni mazoea tu) au mpe mfugaji mwenye bwawa la nje. Wa kigeni kamwe asitupwe mto Tana wala Sabaki, njoo ofisini tutafute namna. Wakati wa kumtoa tumia taulo iliyolowa, na angalia mwiba wa pezi la ubavuni, una meno kama msumeno na unachana kiganja.