"Kaka, mke umemleta apimwe?" Dhana potofu kuhusu mashoga wanaoishi na VVU

Dhana potofu: ARV, dawa za kufubaza VVU, ni za bure, kwa hiyo shoga mwenye VVU huhudumiwa sawa na wengine.

Ukweli: Ni kweli kwamba katika vituo vya umma vya Kenya dawa hizo hazilipiwi, na zimeokoa watu wengi. Lakini matibabu hayaanzii wala hayaishii kwenye dirisha la dawa. Kijana mmoja niliyemsindikiza kliniki hapa Mombasa aliketi mbele ya muuguzi, mlango wazi, foleni ikisikiliza. "Kaka, mke umemleta apimwe?" Akajibu: "Nina mchumba, sista, yuko bara." Mchumba hana. Ana mpenzi mwanamume, naye alikuwa pale nje, kwenye benchi. Basi mpenzi hakupimwa, na yeye mwenyewe akapimwa mkojo tu. Kisonono na klamidia hukaa pia kooni na kwenye njia ya haja kubwa, mara nyingi bila maumivu wala usaha, na kipimo cha mkojo hakivioni huko. Aliambiwa yuko sawa. Simlaumu kijana kwa kuficha, hata kidogo. Jirani yake wa mtaani alikuwa wa tatu kwenye foleni ile.

Dhana potofu: Daktari akimkagua mtu njia ya haja kubwa atajua kama ni shoga.

Ukweli: Hawezi. Ukaguzi wa namna hiyo hauna msingi wowote wa kitabibu, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa iliamua kwamba kuwalazimisha watu kukaguliwa hivyo ni kukiuka Katiba. Hofu, hata hivyo, haikwisha siku ile. Wapo wanaovumilia vidonda wiki nzima kuliko kuvua nguo mbele ya daktari.

Dhana potofu: Ushoga ni kosa, kwa hiyo mhudumu anaruhusiwa kutangaza hali ya mgonjwa.

Ukweli: Vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyotumika kuadhibu mapenzi ya wanaume kwa wanaume, vipo bado; Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Lakini sheria ya mwaka 2006 kuhusu VVU na Ukimwi inalinda siri ya matokeo na inakataza kumnyima mtu matibabu kwa sababu ya VVU. Sheria hiyo haikumwacha shoga nje ya ulinzi huo.

Dhana potofu: Ukimwi ni ugonjwa wa mashoga.

Ukweli: Nchini Kenya wanawake wanaoishi na VVU ni wengi kuliko wanaume.

Dhana potofu: Mwenye VVU ataambukiza tu, hata akinywa dawa.

Ukweli: Utafiti wa PARTNER uliotolewa mwaka 2019 ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wanaume barani Ulaya, mmoja ana VVU na dawa zimeshusha virusi hadi havionekani kwenye kipimo, mwingine hana. Walijamiiana bila kondomu zaidi ya mara 76,000. Aliyeambukizwa na mpenzi wake huyo: hakuna hata mmoja.

Nilimweleza haya yule kijana tulipotoka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimrudie mpenzi wake, aliyekuwa kwenye benchi, maneno yaleyale.