Kwa nini gundi ngumu hutiwa mpira ili isivunjike?

Niliwahi kuunga panga la feni kwa epoksi, ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa nusu kwa nusu. Ilikauka ikawa ngumu hata kucha haikuikwaruza. Wiki iliyofuata feni ilianguka, na gundi ikakatika ta, kama kioo.

Ugumu ule ndio uliokuwa tatizo. Epoksi ikikauka, molekuli zake hufungana kila upande kama wavu wenye mafundo yaliyobanana, usio na pa kunyooka. Ufa ukianza, unapita moja kwa moja. Dawa ya viwandani ni kutia mpira kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 20 ya uzito, unaojitenga ndani ya gundi kuwa chembe za kama maikromita moja. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 70 hivi.

Mpira unasaidiaje? Kwa miaka nilijibu bila kusita: ni kama godoro, unapokea kishindo. Nilikosea. Nikahamia jibu la pili, kwamba chembe hushika kingo mbili za ufa na kuvutika kama mpira wa manati. Hili wataalamu nao waliliandika, na lina ukweli kidogo, ila hesabu yake haitoshi. Epoksi yenye mpira huweza kula nishati mara 10 ya ile tupu kabla ufa haujasonga, na vichembe laini vichache haviwezi kubeba mzigo huo. Kazi kubwa inafanywa na epoksi yenyewe. Mpira unaipa nafasi, na unaipa kwa kupasuka.

Chukua donge la chapati ulivute. Linarefuka kwa sababu kiuno chake kinakonda. Sasa fikiria kiuno hicho kimeshikwa pande zote kisiweze kukonda: ukivuta, donge halirefuki, linachanika. Epoksi iliyo kwenye ncha ya ufa imeshikwa hivyohivyo na epoksi inayoizunguka. Lakini donge likiwa na vitundu ndani, kuta nyembamba kati ya kitundu na kitundu zinapata pa kwenda. Zinakonda, zinateleza, zinakula nishati. Chembe ya mpira ikivutwa pande zote kwa wakati mmoja hupasuka ndani na kuwa kitundu hicho. Vitundu hivyo hutawanya mwanga, ndiyo maana sehemu iliyovunjika huonekana nyeupe. Watafiti Albert Yee na Raymond Pearson walilieleza hili mwaka 1986, na miaka ya 1990 chembe zenye uwazi ndani zilijaribiwa badala ya mpira. Epoksi iliimarika karibu vilevile. Ilinibidi nilisome hilo mara mbili.

Tahadhari moja: wavu wa epoksi ukibana kupita kiasi, kuta haziwezi kuteleza hata zikipewa nafasi, na mpira hausaidii sana. Pia sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwenye mpira wa butadieni na akrilonitrili, mpira wa kutengenezwa kiwandani. Chembe za silikoni, mpira wa aina nyingine unaotiwa pia kwenye epoksi, wakati mwingine hubanduka tu kutoka kwenye epoksi, jambo ambalo nalo huacha kitundu.

Kwa nini basi silikoni? Ule mpira wa butadieni na akrilonitrili hukakamaa kwenye nyuzi 40 hadi 60 chini ya sifuri, na joto na hewa huuzeesha. Silikoni haiwi kama kioo mpaka karibu nyuzi 120 chini ya sifuri, na joto inalivumilia. Kikwazo ni kwamba haipatani na epoksi. Hata kalibu hupakwa silikoni ili epoksi isinate humo. Ukiimimina silikoni ndani ya epoksi, inajikusanya madonge na kupanda juu, ikaacha uso unaoteleza. Hivyo hutengenezwa mnyororo wa tabia mbili, mithili ya sabuni: kipande kimoja silikoni, kingine polikaprolaktoni au polieta, ambacho epoksi inakikubali.

Fungua redio mbovu. Vile vidude vyeusi vyenye miguu kwenye bodi ni epoksi iliyojaa unga wa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), na baadhi vimetiwa silikoni kwa sababu epoksi ikipata joto hutanuka kuliko chipu iliyo ndani yake. Chipu yenyewe ni silikoni, ila hii ni elementi, haina mpira hata chembe. Fundi wa madirisha ya alumini na mtengeneza chipu wote watakuambia wanatumia silikoni, na hakuna anayekudanganya.